Nchi inayoagiza gesi na mafuta kutoka nje, vita ikitokea ubunifu wa nishati safi unakua au unakufa?

fundi_joto

Wakuu habari za mda huu. Kuna swali linanisumbua kama miaka mitatu sasa na humu najua kuna wachumi, kuna watu wa umeme na wengine wako site kabisa, naomba tulijadili kwa kina maana mimi nimeliona kwa macho lakini jibu sijalipata.

Mimi mtu wa Tanga, ila nipo Ujerumani mkoa wa Ruhr, ule waliokuwa wanachimba makaa zamani. Kazi yangu fundi wa mabomba na mifumo ya kupasha nyumba joto. Vita ya Urusi na Ukraine inaanza Februari 2022 nilikuwa bado mwanafunzi wa ufundi, namfuata bosi na boksi la spana. Sasa ili muelewe, hapa karibu nusu ya nyumba zote zinapashwa joto kwa gesi, na gesi yenyewe zaidi ya nusu ilikuwa inatoka Urusi kwa bomba. Mrusi akaanza kupunguza, Juni bomba la Nord Stream likashushwa likabaki asilimia 40, Julai 20, Agosti mwishoni sifuri, halafu tarehe 26 Septemba likalipuliwa kule chini ya bahari ya Baltiki. Simu ofisini kwetu zilikuwa hazikatiki. Kila mtu anataka boila ya gesi (mashine inayochoma gesi kuchemsha maji ya kupasha nyumba) itoke, iwekwe pampu ya joto.

Kwa wasioijua, pampu ya joto ni kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto la hewa ya nje hata kama kuna baridi, inaliingiza ndani, uniti moja ya umeme inakupa kama uniti tatu za joto. Ndio teknolojia yenyewe ya kijani inayosemwa.

Oktoba ile tukaenda kwa bibi mmoja, miaka 80 na kitu, tukamkuta sebuleni amevaa koti na kofia ya sufu, blanketi magotini, joto la nyumba kalishusha hadi digrii 16 sababu anaogopa bili. Akatushusha hadi chumba cha chini kwenye boila yake, akaipiga kofi ubavuni kama mtu anavyompiga ng'ombe aliyemchosha, akasema hii itoke. Bosi akapima, akahesabu rejeta (vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha chumba), akamwambia foleni ni miezi kumi na moja. Kifaa hakuna, fundi hakuna, fundi umeme wa kubadilisha mita naye hakuna. Bibi akakubali kusubiri.

2023 ikaja sheria mpya ya kupasha joto majumbani, ugomvi mkubwa mno, magazeti yanatisha watu, wanasiasa kila wiki wanasema lao, watu wakachanganyikiwa kabisa. Bei ya gesi ikawa imeshashuka. Bibi akapiga simu akasema amechoka kusubiri na haelewi tena sheria inataka nini, anaomba boila mpya ya gesi. Tukamfungia. Nimeifunga mimi kwa mikono yangu, na boila ile itakaa pale miaka 20.

Nchi nzima 2023 zimeuzwa pampu za joto 356,000, rekodi haijawahi kutokea, halafu 2024 zikaanguka hadi 193,000. Kwetu stoo zilikuwa zimepangwa mpaka dari, nailoni haijatolewa, wenzangu watatu wakaachishwa kazi, wawili kati yao walikuwa wametoka kwenye kozi ya pampu hizo hizo.

Sasa swali. Kutegemea nishati ya nje wakati wa vita kunasukuma watu wabuni na wahame, au kunawamaliza nguvu wakarudi kule kule? Maana mimi nimeona yote mawili ndani ya miaka miwili.

---

Mwalimu_Moro

Mkuu fundi_joto umeuliza swali zito na ahsante kwa kulileta na mfano wa nyumbani kwa mtu.

Mimi nafundisha uchumi hapa Morogoro na hili nalifuatilia mda mrefu. Mimi nasema ukitaka jibu fuata hela. Ikitokea dharura serikali inakuwa na mfuko ule ule mmoja. Septemba 2022 Ujerumani wakatangaza euro bilioni 200 za kuwakinga wananchi na makampuni na bei ya gesi na umeme, na siwalaumu, huwezi kuacha wazee kama huyo bibi wagande. Lakini hiyo hela haikununua teknolojia mpya hata moja, ni hela ya kuendelea kuchoma gesi kwa bei ambayo mtu anaimudu. Angalia tena na ile gati ya kupokea gesi ya kimiminika pale Wilhelmshaven, sheria ya kuharakisha imepita Mei, Desemba meli imeshafunga kamba. Nchi ambayo kinu kimoja cha umeme wa upepo kinasubiri kibali miaka! Kumbe kasi wanayo, ila kasi ya kwanza imekwenda kutafuta gesi nyingine, na mitambo ya makaa iliyokuwa imelazwa nayo ikaamshwa.

Halafu Novemba 2023 mahakama yao ya katiba ikafuta euro bilioni 60 zilizokuwa zimehamishwa kutoka kwenye mikopo ya korona kwenda mfuko wa tabianchi, ndio mfuko uliokuwa unabeba ruzuku za hayo mapampu yako. Mteja anasikia redioni mfuko umekatwa, unafikiri atasaini mkataba wiki hiyo?

Lakini kwangu mimi kosa la Ujerumani halikufanyika 2022. Hawa watu mwaka 2000 walitunga sheria ya kumlipa mwenye sola na upepo bei ya uhakika miaka 20, dunia nzima ikawaiga. Kampuni yao ya Q-Cells ikawa kubwa duniani kwa kutengeneza seli za sola. Halafu bomba la Nord Stream likafunguliwa Novemba 2011, miezi mitano baadaye, Aprili 2012, Q-Cells ikafilisika. Sisemi bomba ndilo lililoiua, Wachina walikuwa wanauza rahisi na serikali ilikuwa inakata ruzuku, ila angalia nchi ilikuwa imeelekeza uso wapi. Gesi rahisi mlangoni, nani ana haraka? Hata upepo wa nchi kavu, 2017 walifunga zaidi ya megawati 5,000, 2019 kama 1,000 tu. Vita ikawakuta mafundi wameshatawanyika.

---

BintiChake

Assalaam aleykum nyote. Kaka fundi pole na hongera kwa kazi, na mwalimu umesema ya kweli ila naomba nikupeni upande wa pili maana mie niko Denmark, Esbjerg, mwaka wa tisa huu, na huku ndiko lilikoanzia hilo jambo.

Mwaka 1973 Waarabu walipozuia mafuta kwa ajili ya vita ya Oktoba, ile yao na Israeli, Denmark ilikuwa karibu asilimia 90 ya nishati yake ni mafuta na karibu yote yanatoka nje. Ndio ilikuwa hali mbaya kushinda majirani wote. Novemba ile serikali ikapiga marufuku kuendesha gari Jumapili, wazee wa hapa wanasimulia mpaka leo, walikuwa wakienda kwa farasi na baiskeli katikati ya barabara kuu. Bibi niliyekuwa namsaidia kwenye nyumba ya wazee alinionyesha picha yake akiwa msichana amekaa chini katikati ya lami na mdogo wake, barabara tupu mpaka mwisho wa macho.

Sasa kilichotokea baadae ndio cha kuangalia. Seremala mmoja Christian Riisager akaunda kinu cha upepo uani kwake akakiunga na umeme wa mtaani. Kijana Henrik Stiesdal na mhunzi Karl Erik Jørgensen wakachora kinu cha mabawa matatu, mwaka 1979 wakawapa kampuni ya Vestas leseni ya kukitengeneza, ambayo wakati huo ilikuwa inatengeneza vifaa vya wakulima. Lakini kaka, hawakutoa kichwani tu! Fundi Johannes Juul alishajenga kinu cha Gedser tokea 1957, kilowati 200, kikazunguka miaka kumi mpaka mafuta rahisi yakafanya watu wakiache. Na kabla yake mwalimu Poul la Cour alifanya majaribio kijijini Askov tokea 1891. Kwa hivyo vita ilipowakuta, elimu ilikuwapo, imelala tu. Shida haizai ujuzi usiokuwapo, inaamsha uliolala.

Na jengine ambalo watu hawalisemi. Mwaka 1986 mafuta yalipoanguka bei dunia nzima, Denmark wakapandisha kodi ya mafuta makusudi ili mlaji asione unafuu, wasirudi walikotoka. Wamarekani walifanya kinyume, msamaha wa kodi wa sola waliuacha ukafa mwisho wa 1985, na zile paneli Rais Carter alizoziweka juu ya ikulu yao mwaka 1979 zikateremshwa 1986. Basi hata Vestas yenyewe ilianguka mwaka huo huo 1986 maana soko lake kubwa lilikuwa California, ikabidi iundwe upya. Kwa hiyo mwaka wa vita si mtihani, watu wote wakati wa vita wanasema maneno mazuri. Mtihani ni mwaka bei inaposhuka.

Na huyu bibi wako kaka alishindwa mwaka bei ilipokuwa inashuka, hebu rudia kusoma ulivyoandika.

---

fundi_joto

Dada BintiChake umenigusa, kweli kabisa, sikuwa nimeliona hivyo. Mwaka wa woga alikuwa tayari kulala na kofia akisubiri. Ni pale bei ilipopoa ndio subira ikaisha.

Lakini nikuulize wewe uliye Esbjerg, mbona na makampuni ya upepo yenyewe yalikuwa yanalia hasara wakati umeme uko bei juu kuliko wakati wowote?

---

BintiChake

Ni kweli. Mei 2022 viongozi wa nchi nne walikuja hapa hapa bandarini kwetu, Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji, wakatia saini kuweka upepo wa baharini gigawati 65 ifikapo 2030. Mji ukajaa polisi. Mwaka huo huo Vestas ikatangaza hasara ya zaidi ya euro bilioni moja na nusu. Sababu ni kwamba kinu ni chuma, na chuma kilipanda, meli zikapanda, riba ya benki ikapanda, na mikataba walikuwa wameshasaini kwa bei ya zamani. Vita inapandisha bei ya gesi, lakini inapandisha na bei ya kitu cha kuikimbia gesi. Mabawa ya vinu yanapita usiku karibu na kwangu, lori moja bawa moja, refu mpaka taa za barabarani wanazing'oa kwanza zikarudishwa asubuhi. Kuna miezi nilikuwa nikiamka kuyatazama hayapo. Na Desemba 2024 zabuni ya serikali ya Denmark ya upepo baharini, gigawati 3, ilifika mwisho wa muda na hakuna kampuni hata moja iliyoleta bei.

---

KipNaivasha

Salamu kutoka Kenya. Mnaongea Ulaya na story iko hapa karibu kabisa.

Babangu alifanya kazi Olkaria, kule karibu na Naivasha mvuke wa chini ya ardhi unapotumika kuzalisha stima, akiwa kijana, na hii hadithi nimekua nayo nyumbani. Visima vya kwanza vya mvuke vilichimbwa miaka ya hamsini, 1956 hivi, vikaachwa havina maana. Umoja wa Mataifa na serikali wakarudi pale kutafiti kuanzia 1970, na 1973, mwaka ule mafuta yalipanda, mitambo ya kuchimba ikaanza kazi. Kenya haikuwa na mafuta, kila tone lilikuwa linashuka Mombasa kwa dola. Mzee alikuwa anasema walichimba wakiwa wamefunga masikio na pamba na bado kisima kikifunguka ile sauti ya mvuke unaisikia kifuani si masikioni, na harufu kama mayai yaliyooza inakaa kwa nguo wiki nzima, mama alikuwa anazifua kando.

1981 mtambo wa kwanza ukawaka, megawati 15. 1985 zikafika 45. Na hapo, wasee, ikalala. Kutoka 45 hakukuongezwa kitu cha maana mpaka mwaka 2000 na 2003. Mafuta yalikuwa yameshuka bei na hela za wafadhili zikakauka. Wale vijana waliofunzwa kuchimba wengine wakaenda kutafuta shamba, mzee wangu mmoja wao. Kisha ukame wa 1999 na 2000 ukamaliza maji kwa mabwawa, stima ikawa ya mgao, na nchi ikakodi jenereta za dizeli. Dizeli! Na mvuke uko chini ya miguu yao kilomita chache kutoka barabara kuu.

Leo tuko na zaidi ya megawati 900 za mvuke, ni kama asilimia 40 ya stima yetu. 2022 mafuta yakipanda kwa sababu ya Ukraine, sisi tuliumia kwa matatu na unga, lakini kawi ya mvuke haikuuliza bei ya pipa. Kwa hivyo mimi nakubaliana na dada wa Esbjerg, ila naongeza, ile miaka kumi na tano ya kulala haikupoteza tu megawati, ilipoteza watu. Mzee alikufa akiwa na daftari lake la visima, kina na joto ameandika kwa penseli, hakuna mtu alikuja kuliuliza.

---

Mwalimu_Moro

KipNaivasha hilo daftari tafadhali usilipoteze. Nasema hivi kama mwalimu, piga picha kila ukurasa.

---

muuza_sola_Kkoo

Wakuu mimi sio msomi ila nauza paneli na inveta Kariakoo mwaka wa nane, na wasambazaji wangu ndio hao hao wanaopeleka Pakistani, kwahiyo nitaongea ninachokijua.

Pakistani wanatumia gesi ya kimiminika ya meli kwa umeme. 2022 Ulaya ilipoanza kununua gesi yote iliyoko baharini kwa bei yoyote, Pakistani wakaita zabuni na hakuna aliyejitokeza kuwauzia, umeme ukawa unakatika masaa na masaa, bili zikapanda watu wakaandamana. Haikuwa kazi ya serikali sana, ni wananchi wenyewe. Fundi wa mtaa, shemeji yake, mkulima wa pampu ya maji, kila mtu akapanda kwenye paa. 2024 peke yake waliingiza kutoka China paneli za gigawati 17. Sisi hapa kontena zilikuwa zinachelewa, ukipiga simu unaambiwa mzigo wote umekwenda Karachi.

Kwahiyo fundi_joto, Ujerumani mlikuwa na hela mkasubiri sheria, wale hawakuwa na hela wakaamua. Tofauti ni kwamba paneli ilikuwa imeshashuka bei ikawa tayari ipo dukani. Pampu yenu ya joto bei gani, na inahitaji mafundi wangapi? Mtu akiwa na shida anachukua kilichopo dukani leo.

---

Mwalimu_Moro

Sawa mkuu, ila hapo kuna jambo. Hiyo sio kujitegemea, umetoka kwa muuza gesi umekwenda kwa muuza paneli. Zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani, hatua zote, uko China. Kesho China akigombana na mtu je? Na ubunifu uko wapi hapo, Pakistani wamenunua, hawajatengeneza.

---

muuza_sola_Kkoo

Mwalimu nakuheshimu ila haifanani hata kidogo. Mwenye gesi akifunga koki leo, kesho unalala na baridi kama yule bibi. Mwenye paneli akigoma kuniuzia leo, zile nilizofunga mwaka 2018 Kigamboni kesho asubuhi zinawaka kama kawaida na zitawaka miaka 20 mbele. Hiyo miaka 20 ndio mda wa kujipanga.

Na ubunifu sio kiwanda tu. Njoo uone vijana wanavyounga betri za laptop zilizokufa, wanavyopiga hesabu ya paneli ngapi zinaendesha mashine ya kusaga bila inveta kubwa. Hiyo hamuiiti ubunifu kwasababu haina cheti?

---

bajaji_Ubungo

Mimi nitachangia kidogo, dereva. 2022 petroli ilivuka elfu tatu kwa lita hapa Dar nikaona hapa nakufa na njaa, nikakopa nikafunga mfumo wa gesi yetu ya asilia kwenye gari. Hesabu ilinirudi, mkopo nilimaliza ndani ya mwaka. Shida ilikuwa vituo, foleni unapanga saa tisa usiku unajaza saa moja asubuhi, unalala kwenye usukani. Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974 wakuu, mimi sijazaliwa. Kama vituo vingekuwepo kabla ya bei kupanda tusingelala barabarani.

Najua gesi sio kijani ile mnayoisema, lakini ndio ilikuwepo.

---

fundi_joto

Nawashukuru sana, nimesoma zote mara mbili nikiwa kwenye treni.

Mnaniambia kitu kimoja kwa njia tofauti. Gedser ilikuwepo kabla ya 1973, visima vya 1956 vilikuwepo, paneli za China zilikuwa zimeshafika dukani. Sisi hapa 2022 pampu zilikuwepo kwenye katalogi lakini mikono ya kufunga haikuwepo, na ilipopatikana, mimi na wale wenzangu watatu, bei ikashuka tukarudishwa nyumbani. Mmoja wao yule aliyenifundisha kusoma mchoro wa pampu sasa hivi anaendesha lori la vifurushi. Vita nyingine ikija atatafutwa, na sidhani kama atarudi. Hiyo ndio inaniuma kuliko takwimu zote, KipNaivasha nimekuelewa vizuri kuhusu mzee wako.

Mwalimu umeuliza ubunifu uko wapi. Kwenye kazi yetu ubunifu mkubwa nimeuona kwenye nyumba za zamani, maana rejeta za zamani zinataka maji ya digrii 70 na pampu inafanya vizuri kwenye 35 hadi 50. Yule mwenzangu aligundua kwamba huna haja ya kubomoa nyumba nzima, unabadilisha rejeta mbili tatu za vyumba vyenye baridi zaidi, unapunguza joto la maji, gharama ya kazi inashuka hadi nusu ya ile iliyokadiriwa. Yeye hakuiandika popote, ipo kichwani kwake, na yeye yuko kwenye lori.

---

KipNaivasha

Mwambie aiandike. Hata kwa penseli.

---

fundi_joto

Nimempigia jana jioni. Jumapili anakuja kwangu, nitapika wali wa nazi, tutaanza na zile nyumba tatu za mwanzo anazozikumbuka vizuri.

Na muuza_sola, yule bibi yupo. Nilienda kumfanyia sevisi ya boila mwaka jana, akanionyesha paneli mbili alizonunua dukani mwenyewe, zile za kuning'iniza kwenye baraza, unachomeka kwenye soketi ya ukutani basi. Hakuna foleni, hakuna fundi umeme. Nilimsaidia kukaza skrubu mbili zilizokuwa zinacheza na upepo. Sasa kila siku jioni anashuka ngazi na tochi kusoma mita, anaandika kwenye kalenda ya jikoni, na siku ikiwa nzuri ananipigia simu kunisomea namba.